Jino la Kwamboka

Mkaa uliosagwa pamoja na chumvi una harufu kavu, inayowasha pua. Hata leo nikiisikia, wivu wa zamani huamka ndani yangu. Msinicheke. Sidhani kama Kiogoro nzima kuna mtoto mwingine aliyewahi kumwonea dada yake wivu kwa sababu ya jino jeusi.

Kwamboka alikuwa darasa la saba, mimi la kwanza, jino lake moja la mbele lilipoanza kugeuka rangi, mwisho likawa kama punje ya mahindi iliyoungua. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mama alisema ni strungi, ile chai kali isiyo na maziwa, kwa hivyo Kwamboka akaanza kupewa kikombe kizima cha maziwa huku mimi nikibaki na strungi yangu. Baba alisema ni uvivu wa kusugua meno, akamletea mswaki mwekundu na dawa yake. Mimi nilikuwa na kijiti. Shangazi alikuja kutoka Keumbu na unga wake wa mkaa na chumvi, akamketisha mlangoni, akamsugua polepole huku akimwimbia. Mimi aliniimbia nani?

Iliniuma sana. Siku ya Sabato nilifumba macho kanisani nikamwomba Mungu anipe jino jeusi, ikiwezekana mawili. Na Kwamboka alipocheka akiziba mdomo kwa kiganja, nilijiambia anaringa.

Jino halikutakata, na watu wakalizoea. Mwezi uliopita tu ndipo lilipoanza kumuuma, nikamsindikiza kwa daktari wa meno mjini Kisii. Daktari alisema chai huchafua meno, ndiyo, lakini huchafua yote. Hili moja lilikufa ndani baada ya kugongwa.

"Uliwahi kuanguka ukiwa mdogo?"

"Niliteleza njia ya mtoni," dada akasema. "Nikagonga jiwe na mdomo."

"Hukujizuia na mikono?"

"Mikono ilikuwa nyuma. Si nilikuwa nimebeba huyu mgongoni."

Huyu ni mimi. Kwetu dada mkubwa ndiye omoreri, mlezi wa mdogo wake, na omoreri aliyeanguka na mtoto hakumwambia mtu. Alinawa damu mtoni, akanirudisha nyumbani nimelala, sina hata mkwaruzo.

Miaka yote hiyo nilihesabu maziwa yake, nikiamini kwamba kati yetu wawili, yeye ndiye aliyependwa zaidi.