Motoka ya Shemeji Ina Rangi Mbili

Mutunza ukurasa, na ninyi wasomaji, salamu. Naomba jina langu lifichwe, maana hapa Nchelenge tunajuana wote. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, nina muke na watoto watano. Nilijifunza ufundi katika garaji moja kule Katanga, na sasa natengeneza mashini za mitumbwi. Niko na mashini moja yangu mwenyewe, nawakodishia wavuvi wanaokwenda kisiwa cha Chisenga. Ndiyo inatulisha.

Nitasema yote, hata ya aibu. Miaka ile ya garaji nililala chini ya motoka za wazungu, nikazipangusa, nikazisikiliza, halafu mwenyewe anakuja, anachukua funguo bila kuniangalia usoni. Kati ya zote nilipenda zile ndogo za mbio, viti viwili, paa la turubai. Nikaapa kwamba siku moja nitakaa kwenye usukani wa moja yangu.

Sasa, nyuma ya Pasaka kupita, kaka wa muke wangu anayefanya biashara kule Chienge na ng'ambo ya mpaka alituma neno: amepata motoka ya namna ile, yuko tayari kubadilishana na mashini yangu. Muke wangu alicheka, lakini si kicheko cha furaha.

"Viti viwili! Na sisi tuko batu saba. Batoto utababeba kwa kichwa?"

"Ni kaka yako anaiuza," nikasema.

"Hata kama ni kaka. Mashini inatuletea chakula. Ile motoka itatuletea nini?"

Sikumusikia. Wiki iliyopita nilipanda lori ya samaki mpaka Chienge. Motoka ilikuwa nyuma ya nyumba ya shemeji, imefunikwa mikeka. Alipoifunua, moyo wangu uliruka. Nyeusi, inang'aa, nzuri kuliko nilivyoota. Lakini mukono wa fundi hautulii. Nikainua mupira wa mulango: chini yake, rangi nyekundu. Nikapapasa bodi ya mbele upande wa kushoto: ilikuwa imenyooshwa na nyundo. Na taa ya upande ule ilikuwa mpya, haifanani na mwenzake.

"Mapapie, karatasi za motoka, yako wapi?" nikamuuliza.

"Yalibaki na muzungu aliyeniuzia. Alirudi kwao Ulaya."

"Nipe niiendeshe, niisikilize."

Tulipofika barabarani akasema, "Pita huku juu, mulamu," maana hivyo ndivyo tunaitana mashemeji. Lakini huko juu najua ni muchanga mutupu, basi nikakata kuelekea kijiji cha Puta. Akanishika mukono.

"Hapana kule!"

"Kwa nini?"

"Petroli iko kidogo."

Mushale wa petroli ulikuwa juu ya nusu. Nikaendelea.

Lazima niwaambie juu ya Mama Chola wa Puta. Katika mvua zilizopita, yeye na mume wake walikuwa wanarudi nyumbani kwa miguu mchana, motoka ikawagonga kutoka nyuma. Mume alikufa palepale. Yeye alivunjika muguu. Mwenye motoka hakusimama. Mama Chola aliwaambia polisi alichoona: ndogo, nyekundu, paa la turubai, na ilipopunguza mwendo kwenye kona ililia kama filimbi. Haikuonekana tena. Mimi nilikuwa kwenye matanga yale, maana marehemu alikuwa ananiletea mashini ya mutumbwi wake. Nilibeba sanduku la marehemu begani.

Kwenye kona ya Puta niliondoa muguu kwenye mafuta. Motoka ikalia filimbi.

Mama Chola alikuwa kando ya barabara, anaanika samaki. Akatupa kitunga, akajikokota na ule muguu wake, akaanguka ndani ya majani na mikono juu ya kichwa. Shemeji akajiinamisha chini, akapiga kelele: "Usisimame! Usisimame!"

Wasomaji, sikusimama.

Mbele, mahali pasipo na nyumba, nilizima. Nikamuuliza, "Uliipata lini motoka hii?"

"Mbele ya mvua kuanza." Akajikamata: "Hapana, hapana. Nyuma ya Pasaka."

Tukaangaliana. Akaanza kulia, mutu mukubwa, mashavu yanatetemeka. "Mulamu, ukisema, unafunga ndugu ya muke wako. Ichukue bure. Mashini yako ubaki nayo. Uipeleke tu mbali, uiuze, tusiione tena."

Nilishuka, nikamwachia funguo. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nikatembea mpaka Puta kungoja lori ya kurudi. Kumbe Mama Chola ananingoja, amesimama na fimbo yake, majani yamemushika kwenye nguo.

"Mwanangu," alisema, "niliona uso wako ndani ya ile motoka. Ni ya nani?"

"Ya mugeni, mama. Simujui."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi wewe ni fundi, unajua sauti za mashini. Ukiisikia tena, uniambie. Ninakuamini wewe."

Nilipanda lori kama mwizi. Nyumbani nilimwambia muke wangu yote. Akasema: "Ukienda boma kwa polisi, umemufunga kaka yangu, na sitakusamehe. Usipokwenda, sijui nitakaaje nyumba moja na wewe." Tangu siku ile hatuongei, tunapitana tu mulangoni.

Na aibu kubwa kuliko zote ni hii: kuna saa ningali naitaka ile motoka. Nafumba macho, naona usukani wake.

Shemeji ametuma neno kwamba Jumamosi anaileta hapa kwangu. Ninyi mulio na wazee, mulio na shemeji, munaoogopa Mungu, nishaurini. Nikinyamaza, nimekuwa kama yule ambaye hakusimama. Nikisema, navunja nyumba yangu kwa mukono wangu. Nifanye nini? Na Mama Chola, nimwangalie na macho gani?