Nyasi za Kuangaliwa

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mzee Mirumbe alikaa kwa bintiye mjini Awendo miezi na miezi, na hakuna aliyempa hata kijiko aoshe.

"Wewe pumzika tu, baba," Nyangi alimwambia kila asubuhi, huku anafunga kamba za viatu. Alikuwa nesi. Alitoka kabla hakujapambazuka, akarudi amechoka hata chakula anakila amesimama. Mama yake alipofariki kule Ntimaru, kaka zake waligawana ng'ombe, na Nyangi akaapa kwamba baba yake hataachwa peke yake katika boma tupu. Basi akamleta kwenye fleti yake ya gorofa ya tatu, akamwacha peke yake huko juu. Alifanya hivyo kwa mapenzi, wala simlaumu, lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Chini, katikati ya majengo manne, palikuwa na uwanja wa nyasi uliozungushiwa michongoma na kuwekewa kibao: USIKANYAGE NYASI. Ebu mwambie Mkuria, aliyechunga tangu utotoni, kwamba kuna nyasi za kuangaliwa tu! Ng'ombe hali, mtoto hachezi, mtu haketi. Mirumbe alidhani ni mzaha. Siku moja aliteremka, akavua viatu, akajilaza. Cephas, msimamizi wa ploti, alimjia mbio.

"Mzee, toka hapo! Hii nyasi si ya kulala, ni ya kupendeza."

Mirumbe alivaa viatu vyake, akapanda ngazi. Aliona aibu sana, wala hakumwambia bintiye neno.

Muda si muda, aliyekuwa akifyeka uwanja huo akapata kazi ya kukata miwa, akaenda zake. Nyasi zikafika magotini. Mirumbe alimwendea Cephas akamwomba slasha, lile panga refu la kufyekea. Cephas alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akampa. Na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Yule yule aliyefukuzwa kwa kuketi sasa alitembea popote alipotaka, kwa sababu ana chuma mkononi. Waliokuwa wakimpita kwenye ngazi bila kumtazama wakaanza kumsalimia. "Oyawore, jaduong'! Kazi iendelee!" Kijaluo chake, lugha ya mji huo, kilikuwa kidogo mno, lakini salamu ya asubuhi ni salamu. Alijibu kila moja kwa sauti.

Halafu kulikuwa na Asli. Huyu ni mama yake Zubair, kijana mwenye duka la vyombo pale sokoni, na wawili hao waliishi fleti ya chini, mlango ukitazama uwanja. Alikuwa mjane, tena mgeni vilevile. Yeye Msomali, Mirumbe Mkuria, wote si Wajaluo, na Kiswahili kikawa chao wote wawili. Asli aliweka kiti mlangoni, Mirumbe akafyeka huku wakizungumza.

"Mzee, hapo si ulikata jana?"

"Zimeota tena, mama Zubair."

"Usiku mmoja?"

"Mbolea ya hapa ni kali."

Wee! Upande mwingine wa uwanja ulikuwa msitu, na mbele ya mlango wa Asli palikuwa wazi kama kichwa kilichonyolewa. Alimsimulia jinsi marehemu mkewe alivyowatukana ng'ombe kwa majina yao. Asli alimsimulia habari za marehemu mumewe, aliyekuwa hali chakula kabla ya kukilalamikia. Walicheka. Mirumbe hakuwa amecheka tangu mazishi.

Siku moja Nyangi alirudi mapema. Jirani akamwambia langoni, bila nia mbaya, kwamba huyu kibarua mzee wa siku hizi anajitahidi. Nyangi akatazama, akamwona baba yake ametota jasho. Moyo ulimuuma. Alimfuata Cephas kwa makelele yaliyofungua madirisha yote.

"Yule ni baba yangu! Si kibarua wa mtu!"

Hakuishia hapo. Alikwenda kwenye kamati ya wapangaji, akabishana, akarudi tena, mpaka wakakubali: kibao king'olewe, benchi liwekwe katikati, na kila mpangaji awe huru kuketi kwenye nyasi. Ulikuwa ushindi wa kweli, tumpe haki yake. Slasha akapewa Omanga, baba wa watoto watano aliyekuwa hana kazi.

Mirumbe akakalishwa kwenye benchi, shati limepigwa pasi. Sasa watu walimwinamia kwa heshima, baba yake nesi, wakapita haraka. Nyasi ziliruhusiwa, lakini hakuna aliyezikalia. Utasema, si avuke aende kwa Asli, hatua chache tu? Haya, nenda wewe. Mwanamume anayefyeka anaongea na yeyote. Mwanamume asiye na shughuli akiketi mlangoni pa mjane, mwanawe yuko dukani, hiyo ni habari ya mtaa mzima. Asli alilijua hilo vizuri kuliko yeye. Alimtazama kwa mbali, akaingiza kiti chake ndani.

Jumapili Nyangi alikuja kuketi naye.

"Umefurahi, baba?"

Alitaka kusema ndiyo. "Nirudishie slasha, mwanangu."

"Ufanye kazi tena? Watu watasema nini?"

"Mimi sikuwa nafanya kazi, Nyangi. Nilikuwa natembelea watu."

Nyangi alitazama nyasi, akatazama mlango wa Asli uliofungwa, na polepole akaelewa. Machozi yakamlengalenga. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi?"

"Kesho nitaongea na Cephas."

"Wacha. Omanga ana watoto."

Nyangi akamshika mkono. Alifungua mdomo kusema jambo, na simu yake ikalia. Wodini walikuwa wamepungukiwa na mtu.

"Naenda mara moja tu, baba. Nikirudi tutaongea vizuri."

"Nenda, mama. Wagonjwa wanakungoja."

Alimsindikiza kwa macho mpaka langoni, kisha akasogea pembeni mwa benchi, akaacha nafasi ya mtu.