Boriti ya Mlango wa Baa

Waliojenga nyumba hii ya wageni waliwafikiria farasi kwanza: langoni gari la kukokotwa nao lilipita zima na abiria juu ya paa, ila mlango wa baa waliuwekea boriti ya kupasua watu vichwa. Mwaka juzi boriti ililiwa na wadudu, ikang'olewa. Mama mwenye baa bado anaiinamia. Anatoka jikoni na sahani za pai, akifika pale anainama, anapita, ananyooka. Jana mgeni mmoja akashindwa kuvumilia.

“Mama, unainamia nini? Hamna kitu hapo.”

“Palikuwa na boriti.”

“Na ufupi wako huo, ingekugusa wapi?”

Baa nzima tukatazama bia zetu. Yeye akamwekea uma na kisu, akavipanga sawa.

“Mrefu alikuwa marehemu mume wangu. Yeye mbele, mimi nyuma na sahani. Akiinama, nainama. Haya kula, pai inapoa.”