Unga wa Povu wa Daktari

Mtaa mzima ulimwita Daktari, naye aliitika bila haya. Ukweli ni kwamba alikuwa muuzaji wa duka la dawa, mtu wa kaunta, mwenye koti jeupe la kujinunulia na kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Mume alimwita Daktari. Watoto walimwita Mama Daktari, maana wakikosea chakula kilichelewa. Aliyegoma alikuwa mmoja tu: dada wa mume, muuguzi wa kweli wa wodini, ambaye alimwita "wifi", kavu kabisa. Jambo hilo lilimkera Daktari kuliko maumivu ya jino. Alitaka neno lile litoke katika mdomo ule, basi.

Wifi huyo alikuwa na hodhi la kuogea nyumbani kwake, la kujilaza ndani kama bosi, na kila alipokuja alilalamikia miguu. Daktari akaona njia. Angemtengenezea unga wa kuogea wenye povu, wa kitaalamu.

Jumamosi akavaa barakoa, akateka jiko. Akachekecha magadi ya kuokea, unga mkali wa ndimu, unga wa sabuni unaotoa povu, na maua makavu aliyoyasaga mpaka blenda ikaomba poo. Mume alipoingia na kikombe cha maji alitimuliwa kama kibaka.

"Tone moja tu likiingia humu unga umeumuka wote," Daktari akamwambia. "Hii ni sayansi, baba."

Akajaribu kijiko kimoja kwenye ndoo. Povu likapanda likamwagika, mume akaoga, akatoka ananukia hadi majirani wakauliza kuna nini. Uliobaki Daktari akaupakia kwenye chupa alizotoa dukani, zile za dawa ya unga ya watoto, zenye mstari ubavuni wa kuonyesha maji ya kukorogea yaishie wapi. Aliona zinampa heshima.

Jumapili wifi akaja, akafungua chupa, akanusa. Akanusa tena.

"Kumbe una mkono mzuri, wifi. Nikiupenda nitawapelekea wenzangu wodini, niwaambie umetoka kwa nani."

Daktari akavimba kichwa. Akaichukua chupa ili aeleze matumizi, na sauti ya kaunta ikamjia yenyewe. Mdomo ulipokuwa ukitiririka, mikono nayo ikafanya kile inachofanya kila siku mama mwenye mtoto mgonjwa akisimama mbele yake: ikaigonga chupa ili unga ulegee, ikamimina maji yaliyochemshwa kutoka kwenye jagi la mezani hadi kwenye mstari, ikakaza kifuniko, ikatikisa.

"Kutwa mara mbili," akasema, akimkabidhi, "baada ya chakula."

Wifi alikuwa bado anaipokea kifuniko kiliporuka. Povu likampata usoni, likapanda kwenye wigi, likashuka kifuani, na chupa ikaendelea kutema juu ya kochi bila kumwonea mtu huruma. Mume akakimbilia taulo. Huko alikokwenda alisikika akikohoa kikohozi cha mtu anayebana kicheko.

Wifi hakucheka.

"Ulikuwa unafikiria nini?"

"Sikufikiria," Daktari akasema. "Mikono imekwenda yenyewe. Dukani ndivyo tunavyofanya."

"Na zile dawa za watoto? Nazo ni mikono tu?"

Daktari akajaribu kumkumbuka mtoto yeyote aliyemkorogea dawa juzi, uso wake, au hata jina lililoandikwa kwenye chupa. Hakumkumbuka hata mmoja. Akaona aibu, si ile ya kochi kulowa, ila nyingine iliyomfanya aifiche mikono yake nyuma.

Wifi aliliona hilo, akajifuta povu kwenye nyusi kwa kiganja, akachukua mkoba wake.

"Haya, Daktari," akasema. "Nimekuelewa."

Alilitamka neno lile taratibu, kwa heshima zote, na mume aliyekuwa amefika mlangoni na taulo hakujua amtazame nani.