Msumeno Usiolia

Nianze kwa kusema sikuwa nimelewa, na yaliyonipata yalinipata alasiri, jua likiwaka, kwenye baraza ya nyumba yangu hapa Masasi. Wengi wakisimulia mambo kama haya huyaweka usiku. Langu halikungoja usiku. Ukiamini, sawa. Ukikataa, sina nguvu za kubishana nawe.

Mimi ni mpima mizigo kwenye ghala la korosho. Msimu ukifunguliwa ni magunia tangu alfajiri, na ukirudi nyumbani hata kuvua viatu unaona kazi. Mwaka ule mke wangu alikuwa Nanganga, kwenye shamba la kwao, nami nimebaki na mama yangu mzazi. Masikio yake yalikuwa yamekwisha. Kutwa ameibana redio yake ndogo shavuni, na bado ananiuliza, "Baba Salima, wanasema nini?" Inauma, niamini. Nikaamua kumtengenezea spika kubwa, akae barazani asikie kama watu wengine.

Spika yenyewe nilikuwa nayo, niliing'oa kwenye gari bovu. Kilichokosekana ni sanduku. Nikaanza kazi na msumeno wa kukatia boriti, ule wa meno makubwa. Umewahi kukata plaiwudi kwa msumeno wa boriti? Inachanika kingo zote kama imetafunwa na panya. Tundu la spika nilipolichonga kwa patasi butu likatoka yai badala ya duara. Mbao mbili nzuri zikaenda hivyo.

Dereva mmoja pale ghalani akaniambia yuko mjane Newala anauza vifaa vya marehemu mumewe, fundi seremala. Jumapili nikapanda gari, nikaenda. Mama Hadija, ndilo jina lake, akanitandazia kila kitu kwenye mkeka: randa, keekee, tupa, msumeno wa meno madogo, na mwingine mwembamba wenye ncha, wa kukatia mviringo. Vyote vimepakwa mafuta, havina kutu hata chembe.

"Unataka kutengeneza nini, mwanangu?" akaniuliza.

"Sanduku la spika, mama."

Akavifunga kwenye gunia haraka haraka, kama anayeogopa nitabadili mawazo. Nililiona hilo. Nikadhani ni majonzi.

Kesho yake nilipotoka ghalani, nikapigilia msumari katikati ya ubao, nikafunga uzi na penseli, nikachora duara. Nikatoboa tundu la kuanzia kwa keekee, nikaingiza ule msumeno mwembamba. Msumeno ukakwama mara ya kwanza, mara ya pili.

"Unaukandamiza," sauti ikasema. "Uache ukate wenyewe."

Nikainua macho. Mzee mmoja amesimama kushoto kwangu, vumbi la mbao limejaa hadi kwenye nyusi. Sikumwona akipanda barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Hakuitikia. Alikuwa akitazama midomo yangu. Kisha akanyoosha mkono, nami, kwa jinsi nilivyochoka, nikampa msumeno na kukaa chini. Wewe ungefanya nini? Mtu mzima amekuja kukusaidia.

Akakata. Alikuwa anapita ndani kidogo ya mstari, taratibu, unga wa mbao ukimwagika miguuni pake. Lile duara sijaliona tena jingine kama lile. Akalisawazisha kwa tupa. Akapiga randa kingo, akapaka gundi kila kiungo, akanionyesha kwa kidole pahali hewa ingeweza kuvuja. "Hewa ikipita hapa, besi inakufa," akasema. Ndani akajaza sufi, kidogo tu, kama anayejaza mto wa mtoto mchanga.

Nilikuwa nimekaa muda mrefu nikimtazama ndipo nikang'amua. Msumeno haukuwa ukilia. Randa haikuwa ikilia. Maranda yanaruka, nyundo inashuka, kimya. Bodaboda ikapita barabarani, nikaona vumbi lake tu. Nikabaki nimekaa.

Alipomaliza, akainama, akaweka sikio kwenye sanduku, akafumba macho. Uso wake ukasinyaa kama wa mtu anayelia. Kisha akanishika kichwa kwa mikono miwili, si kwa nguvu, akanilaza sikio la kushoto juu ya ubao.

"Sikiliza," akasema.

Sikusikia kitu. Nilipoinua kichwa, hayupo. Gundi imekauka, ile gundi ya kungoja hadi kesho yake. Na mama yangu, yule asiyesikia hata jogoo, amesimama mlangoni anatabasamu.

"Msumeno wako unalia vizuri," akaniambia. "Nimeusikia tangu ulipoanza."

Aliongea nikiwa nimemwelekezea upande wa kulia. Upande wa kushoto ulikuwa umezimika.

Hospitali wamechungulia mara tatu. Wanasema sikio ni zima. Nikapanda tena Newala. Mama Hadija aliponiona mlangoni, kabla sijamwamkia, akauliza, "Lipi?"

Nikagusa la kushoto.

"Mimi la kulia," akasema, akakaa chini. Mumewe alizibika masikio miaka kumi kabla ya kufa, na hakuacha kutengeneza masanduku ya spika. Kila alilomaliza alimwuliza mkewe linasikikaje. Baada ya mazishi, Mama Hadija alishika randa siku moja tu, arekebishe mlango. "Nilitaka vitoke nyumbani kwangu, mwanangu. Nisamehe."

Nilikuja na maneno makali. Yote yakaniishia pale mlangoni. Nikanywa maji aliyonipa, nikarudi Masasi.

Mama sasa anasikia. Huketi barazani na spika yake tangu asubuhi, na huacha nafasi kwenye benchi. Nikitaka kukaa hapo huniambia, "Sogea, baba, pana mtu." Sibishani naye. Vifaa nimevifukia nyuma ya choo. Wamekuja watu wawili kuviulizia, mmoja kutoka Chiungutwa, nikawaambia vimeibiwa. Nani nimuuzie jambo hili?

Basi wewe unayenunua vifaa vya mitumba, usitazame meno ya msumeno peke yake. Uliza mwenye vifaa alikufa akitamani nini. Na ukiwa umechoka, akatokea mtu wa kukupokea kazi, tega sikio kwanza. Usiposikia mbao zikilia, mnyang'anye msumeno, ukimbie. Mimi nilikaa chini.