Rauta Niliyoibandika na Ugali

Wamama wa kanisa letu wananiita Mama Ugali, na si kwa sababu nasonga ugali kuwashinda (ingawa nawashinda, na wanajua). Jina hilo nililipata Jumapili moja hapa kwangu karibu na Kibabii, sebule ikiwa imejaa watu mpaka mlangoni, na hadi leo mtu akikohoa tu sokoni nafikiri ananicheka. Wacha niwaambie mwenyewe, maana mkiambiwa na Mama Rispa mtaongezewa chumvi.

Binti yangu Nanjala ni nesi huko ng'ambo, na mwaka huo alijifungua msichana akampa jina langu, Nasimiyu. Jina langu, mimi niliyetoka shule darasa la pili, sasa liko kwenye nchi ya barafu! Nani angenyamaza? Nikasimama kanisani wakati wa matangazo, nikaalika wamama wote waje Jumapili inayofuata wamwone mtoto kwa kompyuta, akiwa hai, akipiga miayo.

"Kompyuta gani, Mama Nanjala?" Mama Rispa akauliza. "Ama ni ule ungo wa kupepetea maharagwe?"

"Wewe kuja na miwani," nikamjibu.

Kompyuta ilikuwa ya mjukuu wangu Nafula, amesomea hayo mambo na tunaishi naye. Alikuwa pia na modemu, kale kadude ka kampuni ya simu ka kuleta intaneti, lakini kwangu kalikuwa kanashika mtandao kwa dirisha la jikoni peke yake, pale kando ya banda la kuku, na siwezi kuketisha wageni na kuku. Nafula akasema tununue rauta, kisanduku cha kuchukua intaneti ya modemu na kuirusha hewani mpaka sebuleni. Bungoma mjini alikosa aina aliyotaka, akasikia iko duka moja Kitale, na mimi nilikuwa naenda Kitale kumwona dada yangu anayeishi mtaa wa Tuwan.

"Kukhu, nisikize vizuri," akaniambia (kukhu kwetu ni nyanya). "Kisanduku kinatoka kiwandani na akili yake, na hiyo akili haijui modemu kama yangu. Kuna watu wameandika akili nyingine wakaiacha wazi, mtu yeyote aichukue bure, aifungue, airekebishe."

"Kama mbegu ya kienyeji," nikasema. "Unapewa na jirani, unapanda, na wewe unagawia mwingine."

"Hiyo hiyo! Lakini si kila kisanduku kinaikubali. Angalia namba ya toleo kwa stika chini, chukua namba mbili. Namba saba ni mpya, wameipunguza kichwa, hiyo akili haitoshei ndani. Usilete saba, Kukhu, hata ukipewa na soda."

Nikaenda. Mwenye duka akaniwekea zote mbili kwa meza, na ile namba mbili, jameni, ilikuwa na vumbi, antena imeinama kama kuku aliyenyeshewa, boksi limeliwa na panya. Namba saba ilikuwa inang'aa. Nikazipima kwa mkono vile tunapima kuku, nikazigeuza, nikazipuliza chini (mazoea, mnisamehe), na moyo wangu ukakataa. Kwetu mtoto hupokewa na kitu kipya, na mimi nimpokee mwenye jina langu na mabaki ya panya? Tena Mama Rispa akiwa kwa kiti changu anaangalia?

Mwenye duka alipotoka kuongea na mtu barabarani, nikaibandua stika ya namba mbili kwa kucha, nikaificha kwa leso, nikanunua namba saba. Niliona stika ni karatasi tu, haibadilishi mahindi yaliyo ndani ya gunia. Jioni kwa dada yangu nikachukua ugali wa moto, ule tunabandikia bahasha, nikaigundisha juu ya ile stika nyingine. Ikashika vizuri bana! Nikalala nimejipongeza.

Jumapili nilifika nyumbani mchana, nikapata wamama wako ndani na vitambaa vya kichwa vya sare, chai imemiminwa, Mama Rispa na miwani. Nafula akataka ajaribu kwanza peke yake, nikasema ajaribu hapa hapa watu wajifunze. Akaigeuza, akasoma stika, akasema, "Asante Kukhu, ni yenyewe," akachomeka waya kwa laptop, akaanza kuimwagia ile akili ya wazi. Nikaanzisha wimbo.

Taa zikawaka zote, zikapepesa, halafu zikazima moja baada ya nyingine kama watu wanatoka matangani. Nafula akachomoa, akachomeka. Kimya. Wimbo ukafa pia.

"Amelala mtoto ama mashine?" Mama Rispa akauliza.

Nafula akaiinua. Ilikuwa imepata moto, na pale mbele ya kanisa lote stika ikajibandua yenyewe, ikaanguka ndani ya kikombe cha Mama Rispa, na chini yake ikabaki saba, kubwa, na makombo meupe. Nafula akayagusa, akanusa.

"Kukhu. Hii ni ugali?"

Walicheka mpaka mmoja akateleza kwa kiti. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza Nanjala, ameketi huko mbali na mtoto mapajani, amemvalisha ile sweta niliyomfumia, anangojea, na mimi ndiye nimeiua ile njia.

Jumatatu nilirudi Kitale na jogoo mkubwa kwapani. Nikamweleza mwenye duka yote, akanitazama, akamtazama jogoo, akacheka, akampokea kama malipo, akapanda juu ya stuli kunishushia rauta. Ile mbili ilikuwa bado imekaa na vumbi lake, maana nani atanunua kitu hakina stika?

Jioni hiyo Nafula aliiwekea ile akili ya wazi ikaimeza bila kelele. Tulikuwa wawili tu sebuleni. Nanjala akatokea kwa kioo cha kompyuta, na kabla hata ya salamu akasema, "Mama, ni kweli umebandika intaneti na ugali?" (Nafula ana mdomo.) Kabla sijajibu akainua mtoto, na Nasimiyu akafungua kinywa kama chungu, akanipigia miayo usoni.

Nikalia, nikacheka. Tangu siku hiyo nikitumwa namba mbili naleta namba mbili, hata kama kuku wameitagia.