Shahidi wa Kioo

Watu wa mtaani kwetu walimwita baba yangu Puti. Puti ni ule unga mweupe unaokandwa kwa mafuta ya kitani hadi ulainike kama donge la ugali, ambao fundi vioo huuzungushia kwenye fremu ya dirisha ili kioo kikae. Ulikuwa umemganda chini ya kucha miaka mingi. Hata akienda msibani na shati lake jeupe, vidole amevisugua kwa jiwe hadi vimekuwa vyekundu, ukipewa mkono naye ulijua umepewa na nani. Nilipokuwa mdogo nilidhani kina baba wote wananukia mafuta ya kitani.

Hakuwa msemaji. Lakini kuhusu vioo alikuwa na msimamo, na mtu akimchokoza kidogo tu angeutoa wote. Alisema si kweli kwamba vioo huvunjwa na mawe ya watoto. "Jiwe ni bahati mbaya," alisema. "Vioo vingi vinauawa na fundi." Alimaanisha yule fundi anayekata kioo kikaibana fremu bila nafasi, kisha akakilaza juu ya chuma kitupu. Jua likiwaka chuma kinatanuka, mvua ikinyesha mbao inavimba, na kioo kisicho na pa kujigeuzia kinapasuka chenyewe wakati hakuna mtu hata chumbani.

Kwa hiyo yeye kwanza alitandaza puti ndani ya fremu, akiisukuma kwa dole gumba kutoka kona hadi kona. Ndipo akakiinua kioo na kukiegemeza polepole, kama unavyomlaza mtoto aliyekwisha kusinzia. "Kioo hakilali sakafuni," aliwaambia waliokuja kujifunza kwake. "Kitandikie." Neno hilo tulilizoea nyumbani. Mama akiweka sufuria ya moto mezani, mmoja wetu angesema, "Itandikie," na mama angetafuta kitambaa.

Shangazi yangu, mdogo wake baba, aliishi upande wa chini wa barabara yetu, nyumba ya mwisho kabla ya mteremko. Mumewe, ambaye alikuwa dereva wa malori, aliijenga kidogo kidogo kati ya safari na safari, na kabla ya kufariki aliwahi kuiona imekamilika. Msimu mmoja wa mvua waliishi humo na magunia yakiwa yametundikwa madirishani. Baba ndiye aliyeyaondoa magunia hayo, dirisha baada ya dirisha. Mgeni akiisifu nyumba, shangazi alijibu vilevile kila mara: "Mume wangu aliijenga, kaka yangu akaipa macho."

Kioo cha dirisha la jikoni ndicho kilichoanza. Kilipasuka kutoka kona ya juu hadi kona ya chini, mstari mmoja. Shangazi aliwalaumu watoto wa jirani na mpira wao. Baba akaja, akakwangua puti ya zamani, akaweka kioo kipya. Kabla hata puti mpya haijafanya ngozi, kioo kikapasuka tena, mstari uleule.

"Watoto wana shabaha," baba alisema.

"Kaka, mimi sicheki."

Baba hakuwa anacheka pia. Alichukua uzi akapima fremu kona kwa kona, kisha akaupima upande wa pili. Uzi haukulingana. Fremu ya chuma, iliyokuwa mraba mzuri tangu siku aliyoipokea, ilikuwa imelala upande kama daftari lililokaliwa. Akasogeza rafu ya vikombe iliyokuwa chini ya dirisha. Nyuma yake palikuwa na ufa ukutani, mwembamba kama unywele, ukishuka hadi sakafuni.

Nyuma ya nyumba, ng'ambo ya uzio wa mabati, kiwanja cha jirani kilikuwa kimenunuliwa na kuchimbwa shimo la kuweka msingi wa ghorofa. Pampu ilinguruma mchana kutwa ikitoa maji ya shimoni na kuyamwaga barabarani. Shangazi alikuwa ameizoea sauti hiyo kiasi kwamba ikizimwa alitoka nje kuuliza kuna nini.

Walikwenda wawili, yeye na baba, kumwona msimamizi wa ujenzi. Alikuwa kijana mpole, aliyevua kofia yake ngumu kabla ya kumsalimia shangazi.

"Mama, sisi tunachimba kwetu," alisema.

"Najua mnachimba kwenu. Nyumba yangu ndiyo inayokuja kwenu."

"Nyumba za zamani zote zina nyufa. Hata ya mama yangu ina ufa tangu sijazaliwa." Kisha akafikiri, na sidhani kama alikuwa mtu mbaya. "Tufanye hivi. Uangalieni. Ufa uliolala hauna neno. Mkiona unatembea, nileteeni ushahidi kabla hatujamwaga zege, nitawapelekea wakubwa wangu. Upande wenu unaweza kuwekewa ukuta wa kukinga. Zege ikishamwagwa, hata mimi sina la kufanya."

Ushahidi. Baba alirudi na neno hilo kama mtu aliyepewa kazi anayoiweza. Fundi aliyemfundisha, marehemu siku nyingi, alikuwa na njia ya kuupima ufa: unakata ukanda mwembamba wa kioo na kuubandika ukutani, mguu mmoja huku na mguu mwingine kule, ufa ukipita katikati. Ukuta ukisogea kidogo tu, kioo kinavunjika. Ukanda huo walikuwa wakiuita shahidi. Baba aliwahi kuona ukibandikwa mara moja tu, alipokuwa kijana.

Aliukata kutoka kwenye kilekile kioo kilichopasuka. Shangazi alisimama nyuma yake na kikombe mkononi.

"Huyu ndiye shahidi?"

"Ndiye."

"Mbona mwembamba hivi? Hakimu akimkaripia atazimia."

"Akizimia ndiyo tunataka. Akivunjika, ukuta unatembea. Akibaki mzima, umelala."

"Na akisema uongo?"

"Kioo hakijui uongo," baba alisema, huku akiusukuma ukanda ukutani kwa dole gumba, polepole, kona hadi kona.

Basi shahidi akakaa jikoni. Shangazi alimsalimia kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko. "Umeamkaje, mzee? Umeona nini usiku?" Wageni aliwaambia kwamba huyo ndiye mpangaji pekee asiyelalamikia maji. Na kila jioni baba alipopita kutoka kazini alichungulia dirishani na kuuliza neno moja tu: "Mzima?"

"Mzima. Anakushinda wewe."

Mvua zikaja, zikapita, na shahidi hakuwa na hata mkwaruzo. Mambo mengine yalitokea. Mlango wa jikoni ulianza kukwama, shangazi akasema mbao imekunywa maji. Yai lililowekwa mezani lilibingirika lenyewe kuelekea dirishani, akasema meza ni mbovu, akaiwekea kigae chini ya mguu. Usiku mmoja alisikia kitu kikilia ndani ya ukuta kama mtu anayevunja vidole. Alichukua taa akaenda jikoni, akamkuta shahidi mzima, akarudi kulala. Tulimwamini shahidi kuliko mlango, kuliko yai, kuliko masikio ya shangazi. Msimamizi naye alipita siku moja, akaingiza kichwa dirishani, akaangalia.

"Mmeona sasa, mzee?"

"Tumeona," baba alisema, na akamshukuru.

Mlango ulipokataa kufunguka kabisa, baba alimwita rafiki yake mwashi, ambaye watu walimwita Timazi kwa sababu hakutembea bila ile kamba yake yenye risasi ya kupimia ukuta. Wawili hao walikuwa wametaniana tangu ujana. Timazi alidai mafundi vioo wanaishi kwa matundu wanayoachiwa na waashi. Baba alijibu kwamba waashi wasingeacha matundu wangejijengea kaburi.

"Puti, kumbe bado uko hai," Timazi alisema alipoingia. "Nilidhani umeshakauka."

"Fanya kazi, kichwa cha tofali."

Timazi aliangalia mlango kidogo tu. Kisha akatundika kamba yake kwenye kizingiti, akasubiri risasi itulie. Akageuka, na macho yake yakaangukia ukanda wa kioo chini ya dirisha. Akachuchumaa. Akauwekea kidole cha shahada pembeni, akausukuma.

Ukanda ukasogea.

"Hii umeibandika kwa kitu gani?"

"Kwa puti," baba alisema.

"Puti ya kawaida?"

"Niliizidisha mafuta kidogo. Isikauke haraka ikakipasua."

Timazi aliketi kabisa sakafuni. "Ndugu yangu," alisema, "umemtandikia shahidi godoro. Shahidi anashikwa kwa saruji huku na huku, ashindwe hata kupiga chafya. Ukuta ukisogea, avunjike. Huyu wako ukuta ukisogea anajigeuza ubavu wa pili, anaendelea kulala."

Shangazi alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na Timazi alilisema kwa namna yake. Kicheko kilikatika chenyewe, na alichokifanya baada ya hapo ni kuweka kikombe chake mezani na kukizuia kisiteleze.

Baba alitoa kisu chake cha puti akaubandua ukanda. Ulitoka kwa urahisi, mzima, ukiwa na alama za dole gumba lake nyuma. Ufa uliokuwa umefichwa na ukanda haukuwa tena unywele. Aliingiza kisu ndani yake na kisu kikaenda hadi kwenye mpini.

"Kaka, ulijua?" shangazi aliuliza.

"Sikujua." Aliangalia mkono wake. "Mkono ndio uliotandika."

Shangazi hakumkaripia, na nadhani baba angepumua kama angekaripiwa. Alisema tu, "Mkono wako mzuri," na akaanza kushusha vikombe kutoka rafuni.

Timazi alibandika shahidi mwingine kwa saruji. Saruji ilipokauka tu, shahidi akavunjika katikati, na vipande vyake havikutazamana tena. Shangazi alivifunga kwenye leso, tukaenda naye, baba na mimi, hadi kwenye uzio wa mabati. Tulikuta pampu imezimwa. Mahali palipokuwa na shimo palikuwa na uwanja wa zege, kijivu, na vyuma vimesimama juu yake kama mabua ya mahindi yaliyovunwa.

Msimamizi alivua kofia. Shangazi akafungua leso.

"Mama," alisema, "mngekuja kabla ya zege."

"Kabla ya zege alikuwa mzima."

"Nani?"

"Shahidi."

Msimamizi alivishika vile vipande viwili kwa namna ya mtu aliyepewa kichanga na hajui kichwa kishikwe wapi. Aliahidi kuwaambia wakubwa wake, na naamini aliwaambia. Baadaye alikuja mtu wa ofisi ya mipango. Alizunguka nyumba bila kugusa kitu, akapiga alama nyekundu ya X karibu na mlango na kusema asilale mtu humo. Shangazi aliuliza ni nani atakayelipia. Yule mtu alisema yeye ni wa kupiga alama tu.

Shangazi alihamia chumbani kwangu. Vitu vyake vilijaa ukumbi wetu, na asubuhi alipoamka alinyanyua kichwa kwanza kuangalia kuta zetu. Baba alikwenda kazini na kurudi kama kawaida. Wateja walisema kazi yake ilikuwa nzuri vilevile. Ila nilimwona siku moja akiwa na fremu mezani, puti mkononi, dole gumba limesimama hewani haliteremki.

Kisha akasema atakwenda kutoa vioo vya nyumba ile. Hakuna aliyemuuliza vya kazi gani. Vilikuwa vya kipimo cha zamani na visingeingia kwenye dirisha jingine lolote. Nilimfuata na ndoo ya kubebea puti. Shangazi alikuja nyuma yetu ingawa alikuwa amesema haji.

Baba alianza sebuleni. Puti ya miaka ile ilikuwa imekuwa jiwe, na aliikwangua kwa subira, unga mweupe ukimwangukia viatuni. Alipoondoa ya upande wa mwisho, kioo kikapasuka mikononi mwake, maana fremu ilikuwa ikikibana na puti ile ndiyo peke yake iliyokuwa imekizuia. Akaenda dirisha la pili. Kikapasuka. La chumbani alijaribu kuanzia chini, akijaribu kuipanua fremu kwa kipande cha mbao. Kikalia kwanza, kisha kikapasuka. Mkono wake ulikuwa unatoka damu na hakuuangalia.

Alipofika jikoni, shangazi alisimama kati yake na dirisha. Humo ndimo baba alimokuwa ameweka kioo cha mwisho, kile cha tatu, baada ya fremu kupinda. Alikuwa amekikata kwa kufuata upindo wake, na kilikuwa bado kizima.

"Kiache hicho, kaka."

"Watakibomoa na nyumba."

"Wabomoe wao. Wewe ulishakitandikia."

Baba alibaki na kisu mkononi. Kisha akavuta kona ya shati lake akafuta alama za vidole kwenye kioo, ndani, akatoka akafuta na nje. Alirudi akasukuma dirisha alifunge. Komeo halikufika tena mahali pake. Akalisukuma kwa bega, halikufika. Akaangalia huku na huku jikoni, penye rafu tupu na vumbi, akapata kipande cha kamba ambacho Timazi alikisahau, akalifunga nacho.